Kaburi la Ufukweni na Swali la Mjukuu



Wengi wenu mlikuwepo Morecambe kiangazi kilichopita, siku ile jumuiya yetu ilipokodi mabasi kwenda kupunga upepo. Kwa hiyo sina haja ya kurudia habari za pilau lililoingia mchanga, wala za bwana mmoja (mwenyewe anajijua) aliyejitosa baharini akidhani maji ya Agosti ni ya moto popote duniani. Nataka kueleza tulikopotelea mimi na mjukuu wangu mchana ule, mkawa mnatupigia simu hazipokelewi, na mabasi yakaondoka mkiwa na wasiwasi. Nilisema siku ile kwamba tulizuiwa na maji. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kwanza mji wenyewe. Morecambe si mji wa kale kama unavyojionyesha. Jina hilo lilikuwa la ghuba. Watu waliishi katika vijiji vya Poulton-le-Sands, Bare na Torrisholme, wakivua samaki na kamba. Reli ilipofika katikati ya karne ya 19, wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipata mahali pa kutumia siku zao chache za mapumziko, na waliotoka Bradford walikuwa wengi hata pakaitwa Bradford ya Pwani. Mwaka 1889 mji ukachukua rasmi jina la ghuba. Ukumbi mkubwa wa Winter Gardens ulifunguliwa mwaka 1897, na hoteli ya Midland, ile nyeupe iliyopinda ambayo nyote mlipiga picha mbele yake, mwaka 1933. Kisha watu wakagundua kwamba kwa pesa zile zile wanaweza kupanda ndege wakaote jua la Hispania, na mji ukaanza kuchakaa. Pana pia sanamu ya mchekeshaji aliyezaliwa pale akiitwa Eric Bartholomew, akaamua kujiita Eric Morecambe. Mtu kujichagulia jina la mji wake kwa hiari yake: likumbukeni hilo, nitalirudia.

Kwa sisi tuliozaliwa pwani, kitu cha kushangaza pale si majumba, ni maji. Kwetu Pangani bamvua kubwa hupanda na kushuka mita tatu au nne. Morecambe hufika mita kumi. Maji yakipwa, bahari huondoka kabisa machoni, unabaki na uwanja wa mchanga usio na mwisho. Yakirudi, hayaji kwa mbele tu bali huzunguka nyuma yako kupitia mikondo, nawe unadhani uko nchi kavu. Pana sehemu mchanga humeza mtu. Tangu karne ya 16 kumekuwako mwongoza njia aliyewekwa na mfalme kuwavusha watu, na Cedric Robinson, aliyeifanya kazi hiyo kuanzia 1963 hadi 2019, alilipwa pauni 15 kwa mwaka. Si kwa siku, kwa mwaka.

Usiku wa tarehe 5 Februari 2004 Wachina waliokuwa wakichimba kombe mchangani walizingirwa na maji katika ghuba hiyo hiyo. Inaaminika walikufa 23. Wengi walitoka jimbo la Fujian, hawakuwa na karatasi, hawakujua Kiingereza, na nyapara wao aliwapeleka kazini gizani, majira ya baridi, bila kuzijua saa za maji. Mwaka 2006 alifungwa miaka 14. Bunge lilipitisha sheria ya kuwataka wanyapara wa namna ile wawe na leseni mwaka ule ule wa 2004. Nilikuwa nafahamu habari hizi, nanyi mnazifahamu. Wapo miongoni mwetu waliowahi kupakiwa kwenye gari saa kumi za usiku kwenda kuvuna vitunguu mahali wasipopajua jina. Lakini siku ile tulikula, tukacheka, tukawapa watoto aiskrimu, na mimi silaumu. Bahari gani haina maiti? Mtu akikataa kuogelea kila palipokufa mtu atabaki jangwani, na huko nako wamekufa.

Basi baada ya chakula nikamchukua mjukuu wangu, ana miaka tisa, tukaingia garini. Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa kusini, mwendo wa kama dakika ishirini, pana kaburi la Mwafrika. Mahali hapo panaitwa Sunderland Point, ncha ya ardhi mdomoni mwa mto Lune. Njia ya kuingia ni moja tu, kutoka kijiji cha Overton, inapita juu ya matope na majani ya chumvi, na bahari ikijaa huifunika. Pana kibao kikubwa cha kuonya. Nilikisoma, nikatazama saa, nikajiambia kwamba mtoto wa Pangani hafundishwi maji na kibao.

Sunderland ilikuwa bandari kabla Morecambe haijawa mji. Mwanzoni mwa karne ya 18 mfanyabiashara Robert Lawson, wa madhehebu ya Quaker, alijenga pale gati na maghala kwa ajili ya merikebu zilizokwenda Lancaster, mji ulio juu ya mto. Zilileta sukari, ramu, mbao na pamba kutoka visiwa vya Karibi. Lawson alifilisika mwaka 1728, biashara ikahamia kwingine, hasa baada ya gati ya Glasson kufunguliwa ng'ambo ya mto mwaka 1787, na kijiji kikageuka mahali pa watu wenye nafasi kuja kuoga baharini. Kwa hiyo wageni wa kupunga upepo walikuwepo Sunderland zamani, wakati Morecambe bado wanaanika nyavu. Leo zimebaki safu mbili za nyumba nzuri za mawe, kimya, na boti zimelala ubavu matopeni.

Kuhusu Lancaster ni lazima nieleze kidogo, kwa sababu ukitaja biashara ya watumwa katika nchi hii kila mtu hutaja Liverpool na Bristol. Lancaster inahesabiwa ya nne, baada ya hizo mbili na London. Kati ya mwaka 1736 na 1807 merikebu za mji huo mdogo zilikwenda Afrika Magharibi safari karibu 200, zikabeba watu wanaokadiriwa kuwa 29,000.

Kaburi liko upande wa pili wa ncha, unavuka kwa miguu kwa kijia katikati ya mashamba, kama robo saa. Liko peke yake kwenye kona ya shamba, limezungushiwa ukuta mdogo wa mawe, linatazama bahari. Juu yake pana bamba la shaba lenye beti, na pembeni watoto wa shule na wageni wameweka mawe waliyoyapaka rangi, maua ya plastiki, na vidoli. Jina lililoandikwa ni Sambo. Msomaji anayejua Kiingereza anajua kwamba hilo si jina. Lilibandikwa kwa mtu mweusi yeyote, na baadaye likawa tusi lenyewe.

Hadithi yake ilichapishwa mwaka 1822 katika jarida la eneo lile, na inasema hivi. Karibu mwaka 1736 nahodha mmoja alifika na merikebu kutoka Karibi, akiwa na mtumishi wake Mwafrika. Nahodha akaenda Lancaster kwa shughuli zake, akamwacha mtumishi katika nyumba ya wageni pale Sunderland. Kijana hakujua lugha. Akadhani ametupwa. Akapanda darini mahali palipotengenezewa pombe, akalala juu ya mbao tupu, akakataa chakula, na baada ya siku chache akafa. Kwa kuwa hakubatizwa hawakumzika penye ardhi ya kanisa, wakamchimbia pale ufukweni.

Ndivyo isemwavyo, kwamba alikufa kwa huzuni ya kuachwa na bwana wake. Nimeifikiria sana hadithi hii. Huenda aliugua maradhi ambayo mwili wake haukuyazoea; hilo linawezekana kabisa. Lakini tuseme alikufa kwa huzuni kweli. Nani aliyemuuliza anamlilia nani? Hawakuwa na lugha ya kumuuliza. Kila aliyeisimulia hadithi amemfanya marehemu amlilie nahodha, hakuna hata mmoja aliyemfanya alilie kwao.

Miaka sitini kaburi lilikaa bila alama. Mwaka 1796 James Watson, kasisi na mwalimu mkuu mstaafu wa Lancaster, akaisikia habari hii, akawachangisha wageni waliokuja kuoga, akatunga beti na kuweka bamba. Beti zake zinamhurumia yule maskini aliyekuwa mbali na kwao, na zinamalizia kwa maana kwamba siku ya hukumu Mungu ataangalia moyo wa mtu na si rangi yake. Maneno mazuri, hata leo. Ila huyu Watson alikuwa na ndugu yake, William, na William Watson alikuwa mmoja wa vinara wa biashara ya watumwa mjini Lancaster. Na mwaka 1796 biashara hiyo ilikuwa halali bado, ikabaki halali miaka kumi na mmoja zaidi.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama nikiwa nimesimama na upepo unanipiga, na hapo ndipo ninapowaletea swali. Ile huruma ina thamani gani? Mtu anamlilia Mwafrika mmoja aliyefia mlangoni, na kwenye meza ya familia anakaa na ndugu yake anayesafirisha mamia. Wageni wale walitoa mchango wao, machozi yakawalenga, wakarudi nyumba ya wageni wakanywa chai yenye sukari ya Karibi.

Jibu jepesi ni kusema ni unafiki, tukafunga kitabu. Mimi sioni kuwa ni rahisi hivyo. Bila Watson kusingekuwa na kaburi, pangelimwa viazi. Na mwanadamu ameumbwa hivyo, huruma yake humfikia mtu mwenye uso, haifiki kwa namba. Pale Lancaster penyewe, kwenye gati ya St George's, pana kumbukumbu iliyowekwa mwaka 2005, kazi ya msanii Kevin Dalton-Johnson. Zimeorodheshwa merikebu na majina yake, manahodha na majina yao, halafu watumwa na idadi yao. Msanii hakukosea, ndivyo vitabu vya biashara vilivyoandikwa. Mwenye jina alikuwa nahodha na merikebu.

Ninachokiona kwa Watson ni kwamba huruma yake haikumgharimu chochote kilichokuwa chake. Hakumpoteza ndugu. Alimhurumia aliyekwisha kufa, na maiti haidai.

Nikiwa katika mawazo hayo, nikijiona mimi ni jaji na kasisi wa watu ni mshtakiwa, mjukuu wangu akaokota kombe jeupe akaliweka juu ya kaburi. Akaniuliza, "Babu, jina lake la kweli ni nani?"

Nikamwambia halijulikani.

Akanyamaza kidogo. Mnajua watoto wetu wanavyofundishwa shuleni kila mwezi wa Oktoba, habari za minyororo na mashua. Akauliza, "Na sisi tulikuwa watumwa?"

Nikajibu haraka, na nakiri, kwa kijifahari fulani: "La, sisi hatukuwa watumwa."

"Kwa hiyo tulikuwa akina nani?"

Nikamwambia twende, maji yanajaa.

Maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Tulipofika garini barabara haionekani, pana bahari tu na vijiti vya kuonyesha njia vimechomoza. Mzee mmoja wa pale alitoka nyumbani kwake, akatuonyesha pa kuliegesha gari juu zaidi, akasema tungoje saa mbili na zaidi. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Tukakaa garini, tuna chupa ya chai ya tangawizi na kachori nne, na swali la mtoto limekaa katikati yetu.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nakijua.

Kwenye nyumba ya bibi yangu, Pangani, alikuwepo mzee tukimwita Mabruki. Aliishi banda la uani. Alichota maji, alikwea minazi mpaka uzee ulipomkataza, na alimwita bibi Mwana, ingawa alimzidi umri. Sisi watoto tulimpenda; alitusukia kuti, alitutengenezea mitego. Nilipouliza ni nani wetu, niliambiwa "ni mtu wetu". Nikaridhika. Ilinichukua miaka mingi kuusikia ukali wa neno "wetu" mahali pale. Alikufa nami nina miaka tisa, umri wa mjukuu wangu. Hakuzikwa makaburini kwetu. Alizikwa shamba, chini ya mwembe, na hatukuambiwa kwa nini.

Pangani wageni huja siku hizi kama tulivyokwenda sisi Morecambe, wanalala kwenye hoteli za ufukweni, wanaota jua. Kando ya mto mashamba ya miwa ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Bushiri bin Salim, tunayemwimba kwa haki kwa sababu alisimama dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, wakamnyonga pale pale Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa na watumwa wake. Unguja ilifuta uhalali wa utumwa mwaka 1897. Tanganyika ilingoja mpaka sheria ya mwaka 1922. Bibi yangu wakati huo alikuwa msichana wa kuolewa. Hizi si habari za Firauni, ni za mtu aliyenilisha uji.

Barazani kwetu, na hata katika mikutano yetu humu nchini, mazungumzo haya yakianza huja utetezi ule ule. Kwamba utumwa wa kwetu ulikuwa wa upole. Mtumwa alikula chungu kimoja na watoto wa nyumba, aliozeshwa, aliachwa huru kwa ajili ya Mungu. Wengine huongeza kwamba habari zote hizi zilitiwa chumvi na wamishonari na Waingereza ili kutugombanisha. Sikatai kwamba walizitumia. Lakini yule kijana wa Sunderland naye hakuwa na mnyororo siku aliyokufa. Alikuwa nyumba ya wageni, amewekewa chakula. Bibi alikuwa akisimulia kwamba Mabruki aliambiwa yuko huru akalia, akasema hana pa kwenda, atakaa na sisi kwa mapenzi. Niliipenda hadithi hiyo maisha yangu yote. Nilipokuwa nimesimama kwenye lile kaburi nikaitambua. Ni hadithi ile ile. Mtumwa anamlilia bwana.

Na jina je? Mabruki, Feruzi, Faraji, Almasi: tunajua nani walikuwa wakipewa majina hayo, na kwamba waliyapewa. Yule Myao aliyeuzwa Kilwa angali mtoto, akapelekwa India, akarudi akawaongoza Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron, ametajwa katika vitabu vyao vyote kama Sidi Mubarak Bombay. Sidi ni neno la Wahindi kwa Mwafrika, Mubarak alibandikwa, Bombay ni mji. Majina matatu na hakuna hata moja la mama yake. Eric Bartholomew yeye alichagua.

Nikamsimulia mjukuu wangu. Si yote, ana miaka tisa. Nilimwambia tulikuwa na mzee nyumbani, na kwamba hakuwa mgeni wala ndugu. Alisikiliza huku anakula kachori. Hakuhukumu mtu. Aliuliza kama mzee yule alikuwa na watoto, nikasema hakuwa nao. Akauliza kama bibi yangu alikuwa mtu mbaya. Nikamwambia hapana, na nilipolitamka nikaona kwamba ni kweli na kwamba halisaidii. Kisha akauliza lile la kwanza, jina lake la kweli ni nani. Nilikuwa nalingojea.

Maji yalipoondoka barabara ilibaki imetapakaa mwani, tukapita polepole.

Wiki ile nilimpigia simu dada yangu aliyeko Pangani. Alikasirika. "Mambo hayo ya nini sasa? Umekaa Ulaya huna kazi?" Akaniambia nisije nikayaandika haya, watu wana jina lao mjini. Namwomba radhi hapa mbele yenu, kwa sababu nimeyaandika. Lakini siku mbili baadaye alinipigia mwenyewe, usiku, gharama yake. Alisema bibi akimwita Mnyasa akiwa na hasira, kwa hiyo pengine alitoka kule ziwani. Akasema pia jambo ambalo mimi silikumbuki, nilikuwa mdogo kuliko yeye. Siku za mwisho za ugonjwa wake Mabruki aliacha kusema Kiswahili. Wazee wa pwani walimwita mtumwa mpya kutoka bara, asiyejua Kiswahili, mjinga. Ndilo neno tunalotukanana nalo. Yule mzee, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya Kiswahili safi, akarudia lugha yake, akawa anaongea usiku kucha na mtu asiyeonekana. Nyumba nzima ilimsikia. Palikuwa na Wayao na Wanyasa wakikata mkonge kwenye mashamba ya jirani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na hakuna aliyekwenda kumwita hata mmoja aje amsikilize.

Dada yangu anakumbuka neno moja alilokuwa akilirudia. Amenitamkia kwenye simu, nami nimeliandika kama nilivyolisikia, karatasi ninayo. Sijui kama ni jina. Kama miongoni mwenu yupo anayejua Kiyao au Kinyanja vizuri, naomba tuonane baada ya mkutano ujao.